Ngome, Nyumba ya Kiswahili, Takwa au Pate: Ulinganisho kwa Mgeni wa Lamu Mwenye Siku Chache

Swali hili hunijia kwa simu, na mara nyingi anayeuliza huwa amekwisha kufika Mokowe, mzigo wake umo botini na mguu wake mmoja bado uko gatini: nina siku mbili tu Lamu, nianze wapi? Jibu jepesi ni kumtajia ngome, kwa kuwa vichochoro vingi vya mjini humtoa mtu Mkunguni, uwanja ulio mbele yake, atake asitake. Lakini majibu mepesi yamewahi kuniletea lawama. Binamu yangu mmoja aliyetoka Nakuru na mama yake mzee alifuata ushauri wangu wa kwenda kwenye magofu ya Takwa, akarudi viatu vimejaa matope na mama amenuna. Wiki hiyohiyo, mwalimu mmoja niliyempeleka katika makumbusho ya mjini aliniuliza, kwa adabu, kama hakuna mahali ambapo angeruhusiwa kugusa ukuta. Wote wawili walikuwa wamepelekwa mahali pazuri, ila kila mmoja alipelekwa pa mwenzake.

Ndipo nikaona ni heri niyaandike. Ninayolinganisha hapa ni maeneo ya urithi yaliyo katika visiwa vitatu: Lamu, ambayo mji wake wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, Manda, iliyo mkabala wake, na Pate, iliyo mbali kidogo kaskazini mashariki. Gede na Malindi nimeziacha kwa makusudi, kwa kuwa ni safari ya siku nyingine na ya barabara, na anayezitaka hana haja ya kuvuka maji.

Vigezo kabla ya majina

Jambo la kwanza la kujiuliza ni kama unatafuta vitu au mahali. Makumbusho ya mjini yana vitu: siwa, yaani pembe kubwa za kupulizwa, milango, vitanda, vyungu, vyombo vidogo vya mfano. Magofu ya Manda na Pate yana mahali: kuta zilizosimama pale pale zilipojengwa, kisima kilichokauka, kaburi lililobaki na maandishi yake. Ni wachache wanaoridhika na vyote viwili kwa kiasi sawa, na mtu akijijua mapema hupunguza majuto.

La pili ni bahari. Katika visiwa hivi maji ndiyo yenye ratiba. Kila siku saa ya maji kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50, hivyo mkondo uliopitika asubuhi ya Jumatatu huenda usipitike saa ileile ya Alhamisi. Maeneo ya mjini hayana shida hiyo; ya Takwa na Pate yanaitegemea kabisa.

La tatu ni msimulizi. Chumba chenye maelezo ukutani kinaweza kujieleza, walau nusu. Gofu halijielezi. Ukienda Shanga, kisiwani Pate, bila mtu wa kukuonyesha ni nini kilikuwa wapi, utaona mawe, mibuyu na mbuzi, kisha utarudi ukisema hapana kitu.

La nne ni mwili: ngazi, jua, matope, na mwendo wa miguu. La tano ni mfuko. Maeneo yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya hutoza kiingilio kwa madaraja, raia akilipa pungufu kuliko mgeni wa nje na mtoto akilipa pungufu kuliko mtu mzima, na kwa raia kiingilio hicho ni kidogo ukikiweka kando ya nauli. Kinachokula pesa ni boti. Boti ya kukodi hulipiwa chombo kizima wala si kichwa, kwa hiyo watu sita hugawana kile ambacho mtu mmoja angekibeba peke yake.

Makumbusho ya Lamu na Nyumba ya Kiswahili

Nimeziweka pamoja kwa kuwa zinakamilishana, ingawa hazimo katika jengo moja. Makumbusho ya Lamu yako ufuoni, katika nyumba kubwa ya karne ya 19 ambayo maofisa wa utawala wa Kiingereza waliwahi kukaa. Nyumba ya Kiswahili imo ndani ya mitaa, mahali ambapo mgeni hulazimika kuuliza njia mara mbili, na kila anayeulizwa humwonyesha upande wake.

Kama kuna kitu kimoja cha kumfanya mtu apande ngazi za makumbusho, ni siwa. Ziko mbili: ya shaba, ambayo ni ya Lamu, na ya pembe za ndovu, iliyotoka Pate. Ile ya pembe ni ndefu kuliko mtu. Tundu la kupulizia liko ubavuni, si mwishoni kama la tarumbeta, na ukiisogelea utaona jinsi nakshi zilivyochongwa nyembamba na kwa mpango mpaka jicho lisione pa kupumzika. Siwa haikuwa chombo cha ngoma ya kila siku. Ilipulizwa katika harusi, tohara na mazishi ya wakubwa wa mji, na kuipata kulihitaji ruhusa. Masimulizi ya Pate yanamtaja Mwana Darini, aliyenyimwa siwa ya mji kwa ajili ya tohara ya mwanawe, naye badala ya kulia akaagiza achongewe yake. Mimi kila nikisimama mbele ya kile kioo humfikiria mama huyo kuliko masultani wote. Vyumba vingine vina samani, vito, vyombo vya bahari vya mfano, na habari za jamii za bara zinazopakana na visiwa. Nzuri, lakini nimeshuhudia wageni wengi wakivipita mbio ili warudi kwenye siwa.

Nyumba ya Kiswahili ni kazi ya namna nyingine. Ni nyumba ya mawe ya karne ya 18 iliyokarabatiwa na kupangwa kama ilivyokaliwa. Unaingia kupitia daka, pale wanaume walipokalia baraza na kupokea wageni wasiostahili kuingia, kisha tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, kisha kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, na kutoka hapo vyumba virefu vyembamba vinafuatana kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikiwa na giza na heshima zaidi ya kilichotangulia, mpaka ndani kabisa palipo na zidaka, vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo. Wembamba wa vyumba hivyo una sababu yake: dari hubebwa na boriti za mkoko, na boriti haistahimili uzito wa mawe na chokaa ikipita mita 3 hivi. Kwa hiyo msitu wa mikoko ndio uliopima upana wa sebule za waungwana. Chooni kuna birika la maji, na wakazi wa zamani waliweka humo samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Watoto hulikumbuka birika hilo baada ya kusahau mengine yote.

Kwa muda, saa mbili au tatu zinatosha kwa sehemu zote mbili. Bahari haikuhusu, jua halikuhusu, na mvua ikinyesha uko chini ya dari. Waelezaji wapo na wanaelewa kazi yao. Nyumba ya Kiswahili hasa haifai kutembelewa kimyakimya, maana zidaka bila maelezo ni matundu ukutani. Ngazi zipo, na baadhi ni za mawe na nyembamba, lakini mzee anayetembea kwa fimbo huziweza akipewa muda wake.

Kasoro yake ni hii: nyumba hiyo ni ya tajiri. Mgeni hutoka akidhani kwamba watu wote wa Lamu waliishi hivyo, kumbe wengi walikaa katika nyumba za udongo na makuti, na waliochota maji ya birika lile na kupanda ngazi zile na mitungi kichwani, wengi wao watumwa, hawana chumba walichotengewa katika maonyesho. Muulize mwelezaji habari zao. Hujibu vizuri akiulizwa.

Ngome ya Lamu

Ngome ina historia iliyo rahisi kushika, na hiyo ni sifa kwa mtu anayekuja na watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 majeshi ya Pate na ya Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, yalishuka Shela, kijiji kilicho kisiwani Lamu, ili kuitia Lamu adabu. Yalishindwa, na walioponea upanga walikimbilia vyombo vyao, wakavikuta vimekaa mchangani kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa. Watu wa Lamu, baada ya kushinda, waliogopa kisasi, wakamwendea Sayyid Said wa Omani kutaka ulinzi. Ujenzi wa ngome ulikamilika mwaka 1821. Baadaye Waingereza waliigeuza gereza, kuanzia mwaka 1910, na ikaendelea kuwa gereza mpaka mwaka 1984, kabla ya kukabidhiwa kwa Makumbusho ya Taifa. Wako wazee mjini ambao kwao neno "ngomeni" bado lina maana ya kufungwa.

Vitu vya kutazama ndani si vingi kama katika makumbusho ya ufuoni, na maonyesho hubadilishwa, hivyo aliyekwenda miaka 10 iliyopita hatakuta alichokiona. Kinachobaki ni jengo lenyewe: ua mpana ulio katikati, kuta nene za matumbawe, na juu, njia ya walinzi inayokuonyesha paa za mji zote kwa mkupuo mmoja, yaliyoezekwa makuti, ya bati, na yale ya zamani yaliyo bapa. Kuna pia maktaba. Ngome hukodishwa kwa mikutano na hafla za harusi, na ikitokea umefika siku ya maandalizi utaona viti vya plastiki vimepangwa mahali walipopangwa wafungwa. Mimi sioni ubaya wake. Jengo linalotumiwa hudumu.

Saa moja inatosha, saa moja na nusu kwa mwenye watoto. Hakuna maji ya kungojea. Ngazi za kupanda juu ni za wima kidogo, na mwenye magoti mabovu abaki uani. Faida moja ambayo vitabu vya wageni huisahau iko nje ya lango: Mkunguni yenyewe, uwanja uliopewa jina la mkungu, wenye baraza na wazee wa bao na soko lililo kando. Mtu anayetaka mahali badala ya vitu, lakini hana nguvu za kupanda boti, atakipata hapo anachokitafuta.

Posta ya Kijerumani

Hii ni ndogo, na nitaisema kwa ufupi. Tarehe 22 Novemba 1888 Mjerumani Gustav Denhardt alifungua hapa Lamu ofisi ya posta ya Kijerumani, ambayo ilifungwa tarehe 31 Machi 1891, baada ya Ujerumani kuiachia Uingereza madai yake ya Witu, usultani mdogo uliokuwa bara. Ni vyumba vichache, na nusu saa inatosha kabisa. Inamfaa mpenda stempu na historia ya ukoloni. Anayesafiri na watoto wadogo aipite tu.

Hata hivyo ina fundo moja linaloifungamanisha na mengine yote. Posta hiyo ilitegemea mapatano ya Wajerumani na Sultani Ahmed wa Witu, aliyejulikana kama Simba, naye alikuwa wa ukoo wa Wanabahani waliotawala Pate na kufukuzwa visiwani. Ukiziunganisha habari za ngome, siwa na posta utagundua kwamba mgeni anayezunguka Lamu mjini anasomewa habari za Pate sura baada ya sura, bila kuambiwa.

Takwa, kisiwani Manda

Takwa ilikaliwa kati ya karne ya 15 na ya 17, kisha ikahamwa. Masimulizi yanataja maji ya visima kugeuka chumvi, na watu wa Shela hujihesabu kuwa wametokana na waliohama. Hadi leo huvuka kwenda kuzuru na kuomba dua, kwa hiyo mtu asiingie katika msikiti wa Takwa kama anayeingia katika gofu lisilo na mwenyewe.

Msikiti huo ndio moyo wa mahali. Juu ya ukuta wa kibla pamesimama nguzo, jambo ambalo si la kawaida katika misikiti ya pwani, na husemwa kwamba chini yake amezikwa shekhe. Nyumba zilizouzunguka zimeelekezwa kaskazini, upande wa kibla, na mji wote ulizungushiwa ukuta. Nje ya ukuta, upande wa mkono wa bahari, kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani mwishoni mwa karne ya 17. Kaa chini ya mbuyu ulio karibu na kaburi hilo kwa muda bila kupiga picha. Utasikia bahari ya nje ng'ambo ya vilima vya mchanga, na utaelewa kwa nini watu walijenga hapa: upande mmoja mkondo uliofichwa na mikoko, upande mwingine bahari kuu, na adui angeweza kuonwa mapema.

Sasa ugumu wake. Boti huingia kwa mkondo mwembamba wa mikoko, na mkondo huo hupitika maji yakiwa yamejaa tu. Ukichelewa, unashuka na kutembea matopeni, na matope ya mikoko hayajali viatu vya bei gani. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alfajiri na tena alasiri, basi ziara ya alasiri huwa na dirisha fupi kabla ya magharibi. Hapana duka, hapana kivuli cha kutosha, na maji ya kunywa ni yale uliyokuja nayo. Mlinzi yupo, lakini maelezo mengi utayategemea kwa mtu uliyekuja naye, hivyo chagua nahodha anayejua kusimulia au lipa mwongozaji.

Nusu siku inatosha, na gharama yake karibu yote ni boti. Inamfaa mtu mwenye miguu mizuri, anayependa utulivu, na ambaye haumizwi na kukosa kioo wala kibandiko. Mama wa binamu yangu hakuwa miongoni mwao, na kosa lilikuwa langu. Sikuuliza habari za maji wala za magoti.

Pate: mji wa Pate, Siyu na Shanga

Hapa ndipo mambo yalipoanzia, na hapa ndipo wageni wachache zaidi hufika. Boti za abiria kutoka Lamu huelekea Mtangawanda na Faza zikipitia Mkanda, mfereji mwembamba ulio kati ya Manda na bara, na kwa kuwa Mkanda nao hukauka, saa ya kuondoka hupangwa na maji. Kutoka Mtangawanda unachukua bodaboda. Kwenda na kurudi kwa siku moja kunawezekana ukiwa na boti yako mwenyewe. Kwa boti ya abiria jiandae kulala, na malazi ni ya nyumba za watu, kwa mkeka, chandarua na chakula cha mwenyeji.

Katika mji wa Pate, magofu na mashamba yamechanganyika. Unapita kati ya mistari ya tumbaku, majani yakikugusa magotini, mara unakutana na ukuta uliosimama peke yake, na ukutani humo safu za zidaka, lipu yake ingali na nakshi upande mmoja na upande wa pili imemomonyoka hadi kwenye jiwe. Ukiwa umetangulia kuiona Nyumba ya Kiswahili, utajua mara moja umesimama wapi: huu ulikuwa ukuta wa ndani, hapa palikuwa na dari ya boriti, na hii tumbaku imeota sebuleni kwa mtu. Usipotangulia kuiona, utaona ukuta wenye matundu. Ndiyo maana namshauri mwenye siku tatu aanze mjini na kumalizia Pate, asifanye kinyume.

Siyu ulikuwa mji wa ulama na mafundi, wa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono, ngozi na mbao za kuchongwa. Ngome yake iko kando ya mkondo. Wenyeji husema ilijengwa na Wasiu wenyewe, na makumbusho nayo huieleza kuwa ya pekee pwani kwa sababu hiyo. Wako wanahistoria wanaoihusisha na askari wa Sayyid Said. Mimi sitaamua kati yao. Lisilobishaniwa ni kwamba majeshi ya Sayyid Said yalishindwa Siyu katika miaka ya 1840, mji ukiongozwa na Bwana Mataka, ambaye mkewe alikuwa Mwana Kupona binti Mshamu, mshairi. Ukiilinganisha na ngome ya Lamu, ile ya Lamu ni kubwa, ina shughuli na watu wengi; ya Siyu ni ndogo, kimya, na huenda ukawa mgeni pekee wa siku hiyo.

Shanga iko mwendo wa miguu kutoka Siyu, upande wa kusini, na hapo ndipo palipo na habari ya kale kuliko zote. Mwanaakiolojia Mark Horton alipachimba katika miaka ya 1980, na chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe akakuta misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, ya chini kabisa ikiwa ya miti na udongo, ya mwishoni mwa karne ya 8. Maana yake ni kwamba Uislamu ulikuwapo kisiwani Pate zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, katika kijumba kidogo cha miti kilichopanuliwa kizazi baada ya kizazi mpaka kikawa jengo la matumbawe. Mji ulihamwa mapema katika karne ya 15. Juu ya ardhi leo unaona kuta za msikiti, nyumba na makaburi, vichaka vikirudi kila baada ya masika. Kuna pia hadithi ya mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa chombo, wakaoa na kubaki, na watu hulihusisha jina la Shanga na mji wao mmoja. Naipenda hadithi hiyo, ingawa neno shanga tulikuwa nalo shingoni kabla ya kulitafuta China.

Kwa vigezo vyetu, Pate ni ghali kwa muda na nauli, ngumu kwa jua na mwendo, na haiwezekani bila msimulizi. Pale vijijini mgeni huanza kwa kujitambulisha kwa wazee au mzee wa kijiji, na mtu wa kumtembeza hupatikana kutokana na salamu hiyo. Mavazi ya heshima si jambo la hiari. Inamfaa mtafiti, mwalimu, mpiga picha mwenye subira, na Mswahili yeyote anayetaka kujua babu zake walikuwa nani kabla ya ngome. Haimfai mwenye ndege ya kesho asubuhi.

Mafundi, ambao hawana kiingilio

Kuna wageni ambao si wa makumbusho wala wa magofu. Hao wataridhika zaidi wakikaa saa moja katika karakana ya mchonga milango mjini, au wakienda Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa, ambako majahazi na mashua bado huundwa kwa shoka, tezo na keekee. Maji yakikupwa vyombo hulazwa ubavuni, na kalafati huonekana akipigilia pamba iliyotiwa mafuta kwenye maungio ya mbao. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukikaribishwa kahawa usiikatae. Ratiba ya mafundi hainunuliwi kwa tikiti. Ijumaa mchana hutamkuta mtu.

Nani aende wapi

Mwenye siku moja tu, au anayesubiri boti ya mchana, atembelee Makumbusho ya Lamu asubuhi, Nyumba ya Kiswahili baada yake, na ngome kabla ya adhuhuri, akimalizia Mkunguni. Akiwa na wazee, aondoe ngazi za juu ya ngome na kuongeza muda barazani. Akiwa na watoto, aanze na ngome kisha awapeleke kwenye birika la samaki, siwa iwe ya mwisho, kwa kuwa watoto hutaka kujua ingesikikaje na hakuna atakayewapulizia.

Mwenye siku mbili na miguu mizuri aongeze Takwa siku ya pili, ila apange siku hiyo kwa maji na si kwa urahisi wake. Ikiwa maji ya siku ya pili ni mabaya, abadilishe, Takwa iwe kwanza na mji baadaye. Akitokea Shela, safari ni fupi zaidi, na njiani anaweza kuutazama kwa nje msikiti wa Ijumaa wa Shela, wa mwaka 1829, akapata mwendelezo wa watu walewale waliohama Takwa.

Mwenye siku tatu au nne, na ambaye magofu hayamchoshi, alale Pate usiku mmoja. Ikibidi kuchagua kati ya Siyu na Shanga, anayependa historia ya vita na ushairi achague Siyu, anayependa mambo ya kale achague Shanga, na anayetaka kupiga picha abaki katika mji wa Pate penye zidaka na tumbaku. Wakati wa kusi, hasa Juni na Julai, bahari ya nje huchafuka na safari za mbali huwa za kulowa. Mwenye kuogopa maji aje wakati wa kaskazi, au abaki mjini bila kuona haya.

Kikundi cha wanafunzi kitafaidika zaidi na ngome na Nyumba ya Kiswahili, kwa sababu ya nafasi na waelezaji, na Takwa ikiwezekana kupata boti mbili zinazoondoka pamoja. Mtu aliye peke yake, ambaye nauli ya kukodi itamwumiza, asubiri gatini asubuhi aulize kama kuna wengine wanaokwenda, huwapo.

Na yeyote anayekwenda Takwa, amuulize nahodha saa ya kurudi kabla ya kumwuliza bei. Nahodha akijibu "wakati wowote, wewe tu", tafuta mwingine.